Mabaka usoni na harusi ya binti yangu ni Desemba: nilipie leza na pakeji nzima?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 42, naishi Ngamiani, Tanga. Nina watoto wanne, na wa kwanza anaolewa Desemba, zimebaki wiki kumi na moja. Kazi yangu ni maandazi na chapati. Saa kumi alfajiri nipo mbele ya jiko la mkaa, saa moja na nusu nipo barabarani na beseni langu.

Mabaka yalianza nilipokuwa na mimba ya kitindamimba wangu, ambaye sasa ana miaka saba. Mwanzo kilikuwa kivuli tu juu ya mdomo, nikajua ni uchovu. Kisha yakaja mashavuni, kulia na kushoto sawasawa, halafu kwenye paji la uso. Mkunga aliniambia yataondoka nikijifungua. Nilijifungua, nikanyonyesha, nikaachisha, yapo.

Miaka miwili sasa natumia krimu ya kuchanganyiwa. Dada anayeniuzia huipima kwa kijiko na kunitilia kwenye kikopo kisicho na jina. Mwezi wa kwanza uso uling'aa mpaka watu wakaniuliza siri. Siku hizi nikikaa wiki bila kupaka uso unawaka, unatoka vipele, na mabaka yanarudi meusi kuliko mwanzo, kwa hiyo sijaacha. Pia nimeona vidoto vyeusi kama punje za ulezi juu ya mifupa ya mashavu, na nikikaa jikoni uso unaniunguza hata kabla moto haujakolea.

Mwezi wa tano nilikwenda Dar kwa ndugu yangu, akanipeleka mahali wakanipiga leza mara moja. Ilikuwa kama mtu ananichapa usoni na mpira wa kufungia pesa. Siku kumi nilikuwa nafurahi. Wiki ya tatu mashavu yakawa meusi kuliko nilivyokwenda. Nilipopiga simu nikaambiwa ni kawaida, ni uchafu unatoka.

Sasa nimepata kliniki nyingine ya urembo. Wananipa pakeji ya wiki sita: kila wiki, siku hiyo hiyo moja, leza, asidi ya kumenya ngozi, na kale kamashine ka visindano. Wananiongezea dripu ya kung'arisha na vidonge vya miezi mitatu, nimenakili jina lake kwenye karatasi niliyoambatanisha. Yote shilingi 1,800,000, na nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi nitapunguziwa. Pesa ninayo, nimeitoa kwenye kikoba.

Mume wangu anasema haoni tatizo. Lakini siku walipoleta mahari, mama mmoja wa upande wa pili aliuliza kwa sauti, "Huyu mama aliungua na mafuta?" Nilikuwa nimeshika sinia la maandazi. Niliingia ndani, sikutoka tena mpaka wageni walipoondoka.

Naomba unijibu haraka. Presha sina. Natumia vidonge vya majira tangu nimzae mdogo. Mama yangu aliwahi kuvimba mguu, wakasema damu imeganda, alipona. Kliniki hawakuniuliza haya, waliniuliza tu kama nina mzio.

Mama wa Bibi Harusi, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumwozesha binti.

Naanza na mistari uliyoitia mwishoni kana kwamba haina uzito. Unameza vidonge vya majira, na mama yako mzazi aliwahi kuganda damu mguuni. Jina ulilonakili ni la asidi ya traneksamiki. Vidonge hivyo usivianze. Kama umeshapewa, viweke kabatini mpaka uonane na daktari, na daktari huyo umwambie mambo yote mawili kabla hajakuuliza.

Dawa yenyewe si mbaya, na sitaki uondoke hapa ukidhani ni sumu. Ilibuniwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakitafuta kitu cha kuzuia damu inayotoka kwa wingi. Leo ndiyo dawa ambayo Shirika la Afya Duniani linataka mama anayevuja damu baada ya kujifungua apewe ndani ya saa 3. Mwaka 1979, Japani hiyo hiyo, daktari aliyekuwa anamtibu mgonjwa wa mabaka ya kuwasha alishangaa kuona rangi nyeusi ya uso wa mgonjwa huyo inafifia, na tangu hapo ikaingia kwenye tiba ya melasma, yaani mabaka meusi ya usoni yanayofanana na yako. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 250 mara mbili kwa siku, kwa miezi michache, na kwa watu waliochaguliwa vizuri inasaidia kwelikweli. Lakini kazi yake ni kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Vidonge vingi vya majira vina estrojeni, nayo kwa upande wake huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mshipa. Ukiviweka pamoja kwa mwanamke wa miaka 42 ambaye mama yake amewahi kuganda damu, unacheza na mguu, na damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. Swali hili lilitakiwa kuwa la kwanza pale kliniki, na kwa kuwa hawakuliuliza, mimi hilo peke yake lingenitosha kutowakabidhi uso wangu.

Vidonge hivyo vya majira vina jambo jingine. Melasma hupenda homoni. Ndiyo maana yako ilikuja na mimba, na ndiyo maana inawezekana kabisa kwamba haikuondoka baada ya kujifungua kwa sababu uliingia moja kwa moja kwenye vidonge. Usiviache kesho asubuhi ukabaki bila kinga. Nenda kwa nesi wa uzazi wa mpango, mwonyeshe uso, mweleze habari ya mguu wa mama, muulize kuhusu kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni. Kubadilisha hakutayaondoa mabaka yaliyopo, lakini kunapunguza kinachoyalisha kila siku.

Sasa uso wenyewe. Nimesoma barua yako mara tatu, na ninavyoona mimi usoni kwako pana zaidi ya kitu kimoja. Mabaka ya pande mbili sawasawa, mashavu, paji na juu ya mdomo, yaliyoanza na ujauzito: hiyo ni sura ya melasma, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeitaja. Uso unaowaka na kutoka vipele ukiacha krimu ya kikopo: hiyo ni sura ya steroidi, dawa kali ambayo wachanganyaji wa mkorogo huitia ili uso ung'ae haraka, nayo hukondesha ngozi mpaka moto wa jiko unaiunguza kabla haujakolea, kama ulivyoeleza. Weusi wa wiki ya tatu baada ya leza: huo si uchafu unatoka. Ni ngozi iliyoumizwa na joto ikajibu kwa kumwaga rangi zaidi. Anayekuambia uchafu unatoka ama hajui, ama anajua.

Vidoto vya ulezi ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi ambayo nayo hutiwa kwenye mikorogo, ikipakwa miaka, kwa wingi usiojulikana, juani, inaweza kuacha kwenye ngozi rangi ya bluu nyeusi yenye punje ndogo ngumu. Ugonjwa huo unaitwa okronosisi. Daktari Findlay na wenzake waliuandika Afrika Kusini mwaka 1975 baada ya kuuona kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua, na nchi ile ikaishia kuipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990. Kwetu Tanzania pia imekatazwa kwenye vipodozi, pamoja na zebaki, ambayo nayo huwekwa kwenye vikopo hivyo na huharibu figo. Mtu asiye na uzoefu akiangalia okronosisi ataona melasma. Atampa mgonjwa haidrokwinoni zaidi, yaani kile kile kilichomwumiza, au atampiga leza ya melasma, na uso utazidi. Daktari wa ngozi ana darubini ndogo ya mkononi ya kuangalia vidoto kama vyako, na pengine atahitaji kukata kipande kidogo sana cha ngozi ili apime. Mpaka hilo lijulikane, hakuna mashine inayotakiwa kugusa mashavu yako.

Kwa hiyo swali lako, "nilipie?", jibu langu ni usilipe. Hata hela ya kushikia nafasi usitoe. Ofa ya mwisho wa mwezi itarudi mwezi ujao.

Lakini sitaki nikuambie leza ni uongo, maana siyo, na najua ukitoka hapa utakutana na mtu aliyepona kwa leza. Wewe unakaanga maandazi, utanielewa upesi. Mafuta yakiwa moto kupita kiasi, andazi linaungua nje na ndani bado bichi. Leza ni mwanga unaogeuka joto unapokutana na rangi ya ngozi. Ngozi yetu nyeusi ina rangi hiyo kuanzia juu kabisa, kwa hiyo mwanga usiochaguliwa vizuri unaishia juu na kuchoma hapo hapo, kabla haujafika ulipotumwa. Ndiyo maana kwa watu weusi madaktari huchagua mwanga wa nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ambao hupenya zaidi na kunyonywa kidogo na rangi ya juu, tena kwa nguvu ndogo, vipindi vikiachana. Ile mianga ya kumulika kwa mpigo mmoja mpana, ambayo saluni nyingi huiita leza na siyo leza, na zile leza za kuchoma tabaka la juu lote, kwa uso kama wako zina hatari kubwa ya kuacha weusi mpya. Hata hiyo 1064 ya upole, ikirudiwa kila wiki mara nyingi, huweza kuacha vidoto vyeupe vilivyotawanyika kama chokaa iliyorushwa ukutani. Weusi unaweza kufifia na muda. Weupe huo mara nyingine hauondoki.

Pia melasma hurudi. Nasema hivi kwa moyo mzito kwa sababu najua unatafuta kitu cha mara moja. Hata mikononi mwa bingwa, ukipigwa leza peke yake bila kulindwa na jua na bila dawa ya kupaka, ndani ya miezi michache mabaka huanza kurejea. Seli zinazotengeneza rangi zimezoea kuchokozwa. Ukizichokoza kwa jua, kwa homoni, kwa joto au kwa mashine yenyewe, zinaamka.

Ndiyo sababu watu wenye ujuzi huchanganya tiba, na hapa kliniki yako wamesikia neno sahihi wakalifanya vibaya. Kuchanganya ni kupanga foleni. Kwanza jua linafungiwa mlango. Halafu inakuja dawa ya kupaka ya kutuliza seli, wiki 8 hadi 12. Inayojulikana zaidi ni krimu ya dawa tatu, ambayo asili yake ni kazi ya madaktari wawili wa Marekani, Kligman na Willis, mwaka 1975: haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi hafifu, kwa vipimo vinavyojulikana, usiku tu, kwa muda uliowekwa, kisha mgonjwa anapumzishwa. Utaniuliza tofauti yake na kikopo chako ni ipi, maana majina ni yale yale. Tofauti ni asilimia iliyoandikwa, tarehe ya kuacha iliyoandikwa, na mtu anayekuangalia. Kwa mtu kama wewe, ambaye haidrokwinoni inashukiwa na steroidi imeshakula ngozi, daktari anaweza kuikwepa krimu hiyo kabisa, akakupa asidi ya azelaiki, ambayo ni ya upole na hata mjamzito hupewa.

Baada ya hapo, kama uso umetulia na bado pana mabaka yaliyogoma, ndipo zinaongezwa nyingine, moja moja. Asidi ya kumenya ngozi, ile nyepesi ya juujuu kama glaikoliki au salisiliki, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Au visindano vinavyofungua vinjia vidogo ili dawa kama traneksamiki ipenye pale pale bila kumezwa. Au leza ya upole, ikianza na jaribio mahali padogo karibu na sikio, kisha kungoja wiki nne au zaidi, kwa sababu weusi wa kuungua hauji siku ile. Wewe mwenyewe ni shahidi: wako ulikuja wiki ya tatu. Sasa fikiria ratiba yao. Kila wiki wangekuwa wanakuchoma, wanakumenya na kukutoboa siku moja, na weusi wa kipindi cha kwanza ungeonekana ukiwa tayari umepokea cha pili na cha tatu. Hakuna ambaye angejua kipi kimekuumiza, na wiki ya tatu baada ya kipindi cha mwisho ingekuangukia karibu kabisa na harusi.

Dripu ya kung'arisha ikatae. Haitibu melasma. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo tangu mwaka 2011 kuhusu glutathioni, dawa inayotiwa sana kwenye dripu kama hizo, ikidungwa kwa ajili ya weupe, ikitaja figo, tezi ya shingo na vipele vikali vya mwili. Sindano ya mshipa kwa ajili ya rangi, mwanangu, hapana.

Sasa una wiki kumi na moja, na si chache.

Wiki hii panga safari ya kumwona mtaalamu wa ngozi. Anza hospitali ya Bombo upate rufaa, na kama utaweza, panda basi mpaka Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Wamefundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na nyuso zilizoharibiwa na mkorogo wanazijua. Nenda na kikopo chako. Usione haya, wala usikioshe. Usijipake chochote siku hiyo. Mwambie daktari umepaka miaka miwili, asubuhi na jioni au jioni tu, sema kweli. Krimu yenye steroidi haikatwi ghafla baada ya muda kama huo, maana uso utafumuka na wewe utarudi kuipaka kwa hofu. Anayejua atakushusha taratibu na kukupa cha kukutuliza njiani. Utapitia wiki mbili tatu mbaya. Ni afadhali zije Oktoba kuliko Desemba.

Jua ndilo ninalolipigia kelele kila wiki kwenye safu hii, na kwako wewe wa Tanga, nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, halina msimu. Nunua krimu ya kukinga jua yenye namba 30 au 50, na uchague ile yenye rangi ya ngozi, siyo nyeupe. Rangi ile ni oksidi ya chuma, na si ya urembo tu. Ngozi nyeusi yenye melasma huchochewa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao krimu nyeupe nyingi haziuzuii. Kamua mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kuanzia shina mpaka ncha. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Wengi hupaka robo yake na kusema haifanyi kazi. Paka kabla hujabeba beseni, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na juu yake vaa kofia pana au shusha mtandio mpaka ukutane na nyusi. Siku ya mawingu vivyo hivyo.

Halafu jiko. Sijaona wapishi wakiambiwa hili vya kutosha. Joto la karibu, kila siku, kwa miaka, huchochea rangi, na wewe unainama juu ya mkaa na mafuta kwa muda wa saa tatu kila alfajiri. Sikuambii uache kazi iliyokusomeshea watoto. Inua jiko juu ya matofali ili uso usiwe juu ya karai, tumia upawa wenye mpini mrefu, kaa upande ambao upepo unakutoka nyuma, na uweke kitambaa kilicholowanishwa maji ya kawaida ujipoze shavu kila ukimaliza mkaango. Kama ile pesa ya kikoba ina pa kwenda, jiko la gesi lingenifurahisha zaidi, kwa sababu halitoi ule mwako wa mkaa unaokupiga usoni hata ukiwa huna kitu juu ya moto. Zilizobaki zilipie nauli ya Moshi, daktari, dawa na chupa kadhaa za krimu ya jua. Nina hakika hazitafika nusu ya walichokutajia.

Najua pia singo ya binti inakuja, na mama naye husuguliwa kidogo kwa furaha. Mwambie somo asikuguse usoni. Liwa na karafuu mwilini sawa, uso wako sasa hivi haustahimili kusuguliwa na chochote, wala limau, wala maji ya mchele yaliyochacha.

Mabaka hayatakuwa yameisha ifikapo harusi, nakuambia mapema ili usihesabu siku kwa maumivu. Yanaweza kuwa yamepungua kwa macho ya kawaida, na ngozi itakuwa imetulia, haiwaki. Kwa siku yenyewe tafuta mpambaji anayejua kusahihisha rangi. Juu ya baka jeusi kwanza hugongagonga tabaka jembamba la rangi ya chungwa, kisha fondesheni ya rangi yako hasa, si ya weupe zaidi. Jaribuni wiki mbili kabla, mchana, mlangoni, si chini ya taa ya saluni. Picha na video zitatoka vizuri.

Habari ya mashine tuiache mpaka binti awe kwake na wewe umemaliza miezi mitatu ya dawa na krimu ya jua. Daktari akisema si okronosisi, na akasema leza ina nafasi, muulize mashine ni ya nanomita ngapi, atafanya jaribio wapi, atasubiri wiki ngapi, na amewahi kutibu nyuso nyeusi kama yako ngapi. Asiyependa maswali hayo muage kwa heshima.

Kuhusu yule mama wa siku ya mahari. Maneno yake yalikuumiza na yalistahili kukuumiza, kwa sababu uliwekwa hadharani nyumbani kwako mwenyewe ukiwa umebeba chakula ulichompikia. Huna deni la kumweleza chochote. Lakini akiuliza tena, na ukawa na nguvu siku hiyo, mwambie tu, "Ni ya uzazi, yalinijia nikiwa na mimba ya mdogo wao." Wanawake wengi watakaokuwa wamekaa kwenye mkeka huo wanayo au wamewahi kuwa nayo, na kuna atakayekufuata pembeni kukuuliza unapaka nini. Ukimwonea huruma, mwambie kuhusu vikopo visivyo na jina.

Jambo la kesho ni dogo. Simama dirishani, uso umeoshwa na haujapakwa kitu, umpe binti simu akupige picha tatu, mbele, kulia na kushoto. Rudieni kila baada ya wiki nne, dirisha hilo hilo, saa ile ile, na uende nazo Moshi. Kioo kitakudanganya kwa sababu unakitazama kila siku. Piga ya kwanza jua likishachomoza, na siku hiyo waombe wateja wakusubiri kidogo, usiwashe jiko kabla ya picha.